Mimba Yangu na Paka wa Mama Mbuyu

28 Oktoba

Mvua ya kwanza ya kweli imeshuka leo mchana, ile inayolaza vumbi lote la mtaa wetu wa Musonoi kwa pigo moja. Nilivuta turubai, nikafunika nyama kwa bati, nikaendelea kuchoma. Wateja hawakukimbia. Walibanana karibu na mbabula, jiko langu la makaa, wachimbaji na madereva pamoja, matope hadi magotini, wakipiga kelele: "Mama michopo, ya kwangu usiikaushe!" Tangu nianze kuchoma michopo, nyama ya mbuzi, kwenye kona hii, sijarudi nyumbani na mabaki. Najivunia, wala sioni haya kuliandika.

Mume wangu Symphorien anaendesha lori kule Kingamyambo, wanakoosha upya mchanga wa zamani wa mgodi kutafuta shaba iliyobaki. Alipotoka kazini alipita kunisaidia kubeba vyombo.

"Muke yangu, utapumuzika lini? Tumbo inaonekana sasa."

"Acha mutoto azoee moshi," nikamwambia.

Akacheka. Ni mimba yetu ya kwanza, na tumeingoja kwa muda mrefu.

2 Novemba

Mvua. Nyama yote imeisha.

5 Novemba

Mvua tena. Nyama yote imeisha.

11 Novemba

Tangu juzi nina homa ndogo, shingo imevimba pembeni, na miguu mizito kama nimevaa matope. Mama mukwe, tunayekaa naye kiwanja kimoja, anasema ni mimba tu, yeye aliwahi kulala mwezi mzima akiwa na mimba ya Symphorien. Nimekwenda kuchoma hivyo hivyo. Tata Hassani, anayenichinjia mbuzi, aliniletea paja zuri sana leo. Nilionja kama kawaida yangu, kile kipande cha katikati ambacho bado ni chekundu, maana ndicho kinachokuambia kama chumvi imeingia.

15 Novemba

Homa imeniacha.

Jirani yetu Mama Mbuyu ameniletea lengalenga kutoka bustani yake. Ni mjane, anaishi peke yake nyuma ya ua wetu, yeye na paka wake. Paka hao ni wengi kuliko heshima inavyoruhusu. Harufu ya nyama inawaita, wanakaa mbele ya mbabula kama wateja wenye haki, nami huwafukuza kwa kijiti.

Nilimshukuru kwa mboga, lakini hakuondoka. Aliniangalia tumbo, akaangalia tena, kisha akaweka kiganja chake juu yake bila kuniuliza.

"Iko mwanaume," akasema. "Minaona vile unatembea."

Sikupenda. Mtu hasemi jambo kama hilo kabla ya wakati wake. Na macho yake yalikaa hapo muda mrefu mno. Mama mukwe aliyaona yote akiwa mlangoni.

19 Novemba

Mvua. Shimo moja limeporomoka huko Mutoshi, lakini Merdi amerudi salama. Merdi ni mdogo wa Symphorien, naye ni mchimbaji. Amekula bukari, ugali wetu, kama watu watatu.

27 Novemba

Nimeweza kukaa leo, kwa hiyo naandika.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nakata nyama, maumivu yakanishika mgongoni, yakazunguka mbele. Nilijiambia yatapita. Nikashika meza. Kisha nikahisi joto miguuni, nikajua kabla ya kuangalia.

Nilimwita mama mukwe, akaja mbio bila viatu. Hakuuliza kitu. Alinifunga kitenge chake juu ya changu, akasimamisha taksi-moto, pikipiki ya kukodi, katikati ya barabara kwa kusimama mbele yake, akanipandisha, naye akapanda nyuma yangu akanikumbatia. Barabara yote ilikuwa madimbwi. Kila shimo lilinipasua. Yeye alinisemea sikioni, "Kamata, mwana yangu, kamata," na mimi sikujua kama alisema na mimi au na yule wa ndani.

Mama Jocelyne, muuguzi wa maternite, wodi ya uzazi, alitupokea. Ana mikono mikubwa na sauti ya chini. Alifanya yote aliyoweza. Baadaye alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akanishika mkono, akasema, "Mimba imetoka, mama. Pole. Pole sana."

Alikuwa mwanaume.

Symphorien alikuja na nguo za kazi, vumbi la Kingamyambo limemganda usoni. Alipolia, machozi yalichora mistari. Sijawahi kumwona hivyo. Hakuniuliza nilifanya nini, hakusema kwamba aliniambia nipumzike. Alikaa sakafuni kando ya kitanda changu, akaegemeza kichwa kwenye godoro, akakaa hapo.

Aliyeuliza ni mama mukwe.

"Nani aligusaka ile tumbo?"

Sikutaka kujibu. Lakini yeye alikuwa amekwisha kujua.

"Mama Mbuyu," nikasema.

30 Novemba

Mvua. Wanawake wamekuja kukaa nami kwenye mkeka. Kila mmoja ana habari ya Mama Mbuyu. Mmoja anasema hata watoto wake mwenyewe hawakukaa tumboni. Mwingine anasema paka mweusi hulala juu ya kaburi la mumewe. Mimi nilinyamaza. Nakiri kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa na utamu wake, maana uchungu unatafuta mahali pa kukaa.

4 Desemba

Nimerudi maternite kupimwa. Mama Jocelyne akaniambia kuna watafiti wanaopima damu ya wanawake waliopoteza mimba hapa Kolwezi, wanataka kujua kama kuna ugonjwa unaopita bila kuonekana. Ningekubali? Nikakubali. Kisha akaniuliza maswali nikadhani ananitania.

"Kwenu kuna paka? Unalimaka na mikono mitupu? Mayi ya kunywa inatoka wapi? Unakulaka nyama yenye haiivi muzuri?"

Kuhusu nyama nilicheka. "Mama, mi ni muchoma-nyama. Ninaonja kila siku."

Yeye hakucheka.

12 Desemba

Nimeanza tena kuchoma. Wateja waliniamkia kwa sauti ndogo. Nyama yote imeisha.

16 Desemba

Mama Mbuyu alisimama kwenye ua na bakuli la mboga. Mama mukwe akamwambia, "Rudisha kwako." Akarudi.

25 Desemba

Noeli. Mvua kutwa. Symphorien amenisuka nywele! Vibaya sana. Nimezivaa hivyo hivyo kanisani.

9 Januari

Leo nimeitwa kwa ajili ya majibu ya damu. Nilikwenda na mama mukwe, hakutaka nikae peke yangu.

Mama Jocelyne alifunga mlango. Alisema polepole, kama mtu anayemwongoza mwingine kwenye utelezi.

"Haina bulozi, mama. Ni ugonjwa, na iko na jina. Banaita toksoplasmose."

Alituambia ni kidudu kidogo kisichoonekana. Kinazaliana tumboni mwa paka na kutoka na kinyesi chake, wiki chache tu za mwanzo. Kinaingia kwenye udongo, kwenye maji, kwenye mboga. Mbuzi anakula majani, kinajificha ndani ya nyama yake. Mtu anakipata kwa nyama isiyoiva, kwa mikono yenye udongo, kwa mboga isiyooshwa, kwa maji ya kisima. Mtu wa kawaida anapata homa kidogo, shingo inavimba, basi, inapita. Lakini kikiingia mara ya kwanza mwanamke akiwa na mimba, kinaweza kuvuka mpaka kwa mtoto.

Nikakumbuka homa yangu ya Novemba. Nikashika shingo yangu bila kutaka.

"Kwa hiyo njo ilimuua mutoto wangu?" nikauliza.

"Siwezi kuapa. Kuna bamama tulipima, mimba zao zilitoka na hawana nayo. Lakini damu yako inaonyesha uliipata majuzi tu, wakati wa mimba. Ninaona kama njo yenyewe."

Nikauliza kama nitaweza kuzaa tena. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mwili yako imejifunza kupigana nayo. Ngoja miezi, upate nguvu. Halafu uje unione."

Tulirudi pamoja, mama mukwe mbele, hadi tukafika sokoni. Hapo akasimama.

"Paka," akasema. "Si minasikia muzuri? Alisema paka."

"Alisema na nyama, mama. Na udongo. Na mayi."

"Alisema paka mbele ya yote."

Kabla jua halijazama barabara nzima ilikuwa na habari: hospitali imethibitisha, paka wa Mama Mbuyu wamekula mtoto wa Wivine, yaani mimi.

13 Januari

Mvua kubwa. Mashimo ya Mutoshi yamefungwa mpaka maji yapungue. Merdi na wenzake wanakaa kutwa ukutani, hawana la kufanya. Paka wawili wameonekana wamekufa kwenye mfereji.

14 Januari

Paka mwingine. Nilimwuliza Merdi kama ni yeye anayewaua. Akasema, "Mi nilingojaka ule mutoto pia, shemeji." Macho yake yalikuwa mekundu.

17 Januari

Nataka kuandika siku hii yote kabla haijageuzwa kuwa habari ya mtu mwingine.

Mchana mvua ilikatika. Nilikuwa kwenye kona yangu, makaa yameshika vizuri, nyama imeanza kutoa mafuta. Nikasikia kelele nyuma ya nyumba yetu. Si kelele za mpira wala za ulevi. Mteja mmoja, dereva, akasema, "Banaenda kwa ule mama ya mapaka."

Niliacha nyama motoni. Sijawahi kuacha nyama motoni.

Walikuwa kundi, vijana wa mashimo na majirani, na wanawake waliokaa nami kwenye mkeka wangu wa kilio. Merdi alikuwa mbele ameshika nondo wanayovunjia mawe. Mtu alikuwa tayari ametupa jiwe juu ya bati. Mlango wa Mama Mbuyu ulikuwa umefungwa, na kwa ndani nilimsikia akiwaita paka kwa majina, mmoja mmoja, kama mama anayekusanya watoto kabla ya mvua.

Mama mukwe alikuwa pembeni, mikono kifuani. Hakushika kitu. Lakini alikuwa pale.

Nilipita katikati yao. Walinipisha, wakidhani nimekuja kutazama haki yangu ikitendeka. Nikafika mlangoni, nikageuka, mgongo wangu ukagusa mbao.

"Shemeji, toka hapo," Merdi akasema.

"Sitoki."

"Ule mama eko mulozi. Paka zake njo zinamutumikia. Hata lopitali ilisema."

"Lopitali ilisema na mi, Merdi. We haukukuwa pale." Nikainua sauti wote wasikie. "Mi njo nilipoteza mutoto. Mi njo mwenye kilio. Basi munisikie mi."

Waliokuwa mbele wakasimama.

"Ni ugonjwa. Kidudu. Kingeweza kutoka mu paka, ndiyo. Kingeweza kutoka mu udongo yenye tunalima, mu kisima chenye tunakunywa bote. Kugusa tumbo hakuleti kitu. Lakini mi minajua chenye ninafanyaka kila siku. Ninaonja nyama nyekundu. Kisu chenye ninakata nacho nyama mbichi, njo ninakata nacho nyanya na kitunguu, na ninakula. Kama munatafuta mulozi, mwende mupige mbabula yangu."

Nilijua nilichokwisha kukisema. Nusu ya wale walikuwa wateja wangu. Kona ile niliijenga kwa mikono yangu, kwa jua na kwa mvua, na jina langu lilikuwa safi kuliko sahani zangu. Nikaliona likianguka mbele ya miguu yao.

Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe tunakulaka sumu kwako?"

"Ikiiva yote, haina kitu. Yenye haiivi, muke wa mimba asikule. Kwangu na kwa mutu yeyote."

"Na paka?" sauti nyingine ikauliza.

"Paka anatoa kile kidudu wiki chache tu, wakati kinamuingia mara ya kwanza. Mutamuua huyu, kesho atakuja mwingine kula panya. Mufukie mavi yake, munawe mikono, muoshe mboga. Mukimuua huyu mama, mutoto wangu atarudi?"

Merdi alinitazama muda mrefu. Ni kijana mzuri, Merdi. Nondo ilishuka kidogo, kisha ikagusa ardhi.

"Shemeji," akasema, "mi sikujua nifanye nini na hasira."

"Na mi pia," nikamwambia.

Akaondoka. Wengine wakaondoka kwa sababu yeye ameondoka. Mama mukwe alikuwa wa mwisho. Aliniangalia kama anayeangalia mtu asiyemfahamu, akageuka, akaenda zake.

Nikasikia komeo nyuma yangu. Mama Mbuyu alifungua, paka mweusi mikononi. Aliniingiza, akanipa kiti pekee alichonacho. Alikaa kitandani.

"Na mi zilitokaka," akasema. "Mimba zangu. Moja, halafu ingine. Hakuna mutu aliniambia juu ya nini zinatoka. Baliniambia tu niko mubaya." Akampapasa paka. "Nilikuwa naangalia tumbo yako juu ya furaha. Nilitaka nisikie yenye inakaa."

Nililia basi. Nililia kama ambavyo sikulia maternite. Naye akaniacha nilie, hakunigusa, mpaka mimi mwenyewe nikauchukua mkono wake.

Nyama yote ilikuwa imeungua niliporudi.

18 Januari

Symphorien alisikia habari kazini kabla hajafika nyumbani. Wenzake walimwuliza kama ni kweli mkewe amejitangaza mwenyewe kuwa mwenye kosa. Akawajibu, "Muke yangu akisema, amesema." Aliponieleza hivyo alikuwa anavua viatu, hakuinua macho, lakini masikio yake yalikuwa yanacheka. Nimeiandika hapa kwa sababu nataka nizeeke nayo.

20 Januari

Nimerudi na nyama nyumbani.

21 Januari

Mvua. Nimerudi na nyama.

22 Januari

Tata Hassani alikuja na hasira. "Mama Wivine, umechafua jina ya nyama yangu! Mi ninachinja kwa Bismillahi, mbuzi mzima, safi!" Nilimwambia mbuzi wake ni safi, kidudu hakionekani hata kwa anayechinja vizuri, moto ndio unaokiua. Aliondoka akitikisa kichwa.

24 Januari

Nimerudi na nyama. Mama mukwe ameila. Hajanisemesha tangu ile siku.

27 Januari

Nimebadilisha kazi yangu. Kisu kimoja cha nyama mbichi, kingine cha nyanya. Ndoo ya maji yaliyochemshwa na sabuni, mbele, watu waione. Nyama naikata vipande vidogo na kuikalisha motoni mpaka hakuna wekundu ndani. Siku za kwanza ilitoka kama kamba ya kiatu. Leo nimeiloweka tangu asubuhi kwenye kitunguu na ndimu kabla ya moto, nikaichoma polepole. Imeiva mpaka ndani na bado ina maji yake. Nimeila peke yangu nikisimama, nikacheka kwa sauti. Ni nyama bora kuliko niliyowahi kuchoma.

Nilionja mwisho, ikiwa imeiva.

30 Januari

Mteja wa kwanza: Mama Mbuyu. Alikaa mbele, mahali barabara nzima inaona, akala taratibu.

1 Februari

Aliyefuata alikuwa Tata Hassani, na mkewe Aicha, ambaye ana mimba. "Umuchomee vizuri," akaniambia, akitazama pembeni. Nikachoma. Aicha akaomba tena.

9 Februari

Madereva wamerudi. Wananicheka. "Mama dokta, tupe ile yenye imekufa mara mbili!" Wacha wacheke. Wanakula.

20 Februari

Mvua. Nyama yote imeisha.

3 Machi

Merdi amemchimbia Mama Mbuyu shimo la kufukia uchafu wa paka, na kuzungushia bustani waya ili wasiingie kwenye mboga. Alifanya kazi siku nzima. Yule mama alimpa mahindi ya kuchoma.

11 Machi

Mama Jocelyne alipita kwenye kona. Anataka nije siku ya kliniki ya wajawazito, niwaambie wanawake. "Mi nikisema, banasikia muganga. We ukisema, batasikia mutu," akasema. Nimekubali.

Nilimwambia Symphorien wakati wa chakula, mama mukwe akisikia. Mama mukwe aliendelea kufinyanga bukari yake vidoleni.

24 Machi

Mvua zinapungua. Jana ilinyesha kidogo tu, kama mtu anayeaga mlangoni.

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Nilivaa kitenge changu cha kijani. Nilipotoka, mama mukwe alikuwa kando ya barabara, amevaa, amefunga kitambaa kichwani, ameshika mkoba.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kwenye unaenda."

Tulitembea tukikwepa madimbwi. Ukumbi ulikuwa umejaa matumbo ya kila umri, wanawake kwenye mabenchi, wengine sakafuni, joto na harufu ya mafuta ya mawese. Mama mukwe alipenya katikati yao kwa kiwiko, akakaa benchi la mbele.

Nilianza vibaya. Nilisema jina la ugonjwa, nikalikosea, nikalirudia. Nikasema kuhusu kisu, nyama, lengalenga, maji ya kuchemsha, mikono baada ya kulima. Nikasema wasiue paka wala wasimsingizie mtu. Nilipofika kwa mtoto wangu, sauti ilikatika, nikasimama hapo na mdomo wazi. Nyuma wakaanza kunong'ona. Msichana mmoja mwenye mimba kubwa akauliza mwenzake kwa sauti ambayo wote tuliisikia:

"Huyu ni muganga, ao ni nani?"

Mama mukwe akasimama. Ni mwanamke mfupi, lakini akisimama anasimama. Akawageukia wote.

"Haina muganga," akasema. "Anachomaka nyama Musonoi. Alisimama mbele ya batu benye binondo mu mikono, peke yake, na mi nilikuwa pale nikamuangalia tu, sikusimama naye. Ni muke wa mutoto yangu. Munyamaze, mumusikie."

Hakukaa. Alibaki amesimama hivyo, mkoba kifuani, akinitazama mimi.

Nikaendelea kusema.